Radi Hana Baba

Palikuwa na nchi iitwayo Shwarini na, kwa masikitiko ya wanaoishi humo, ingali ipo. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina Mlezi Mkuu anayependwa na watu wote kwa amri, na kwa muda mrefu ilikuwa na filamu moja.

Filamu hiyo iliitwa Radi. Ilitengenezwa zamani, enzi Mlezi Mkuu alipokuwa na nywele. Ilihusu kijana yatima aliyepigwa na radi akianika nguo za wenzake katika kituo cha kulelea watoto, naye badala ya kufa kama raia mwema akapata nguvu za ajabu. Alivaa kofia ngumu ya kiwanda cha saruji, soksi nyekundu za mpira wa miguu, na joho ambalo kila mwenye macho aliliona kuwa ni pazia. Kupaa angani hakuweza, kwa sababu kamera ilikuwa nzito na hakuna aliyejitolea kuinyanyua. Alichoweza ni kuruka kutoka juu ya vitu: mapaa, malori, tangi la maji. Kila aliporuka alitua kwa goti la kushoto, akainua uso, akasema, "Nimefika, msikimbie." Watu wa Shwarini walilijua goti hilo vizuri kuliko wimbo wa taifa, ambao una beti nyingi na zote zinamsifu mtu yuleyule.

Aliyeijua filamu hiyo kupita wote alikuwa Fikirini Chande, kinyozi. Fikirini alikulia kituo cha yatima cha kweli, ambako uji ulikuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto aliweza kujitazama usoni ndani yake na kujisikitikia. Jioni moja walionyeshwa Radi kwenye shuka jeupe. Fikirini akamsikia shujaa akimwambia mlezi wa kituo, "Sina baba, ndiyo maana watu wote ni ndugu zangu," na tangu hapo hakuhitaji kitu kingine duniani, isipokuwa mashine ya kunyolea.

Alikuwa mtu mpole mwenye ugonjwa mmoja. Hakuweza kusikia kosa kuhusu Radi likapita bila kulisahihisha. Mteja akisema kwamba Radi alipigana na majambazi juu ya daraja, ilhali ilikuwa chini ya daraja, Fikirini alizima mashine. Mteja asipokiri aliondoka amenyolewa upande mmoja, na mtaani kulikuwa na wanaume kadhaa wenye msimamo waliotembea hivyo kwa wiki nzima. Kwenye harusi ya dada yake mshereheshaji alimsifu bwana harusi kuwa ana nguvu kama Radi aliyelinyanyua lori. Fikirini akasimama katikati ya pilau. "Taarifa!" alisema. "Hakulinyanyua. Alilisukuma." Dada yake hakusema naye tena mpaka alipojifungua, na hata hapo alisema tu, "Usimguse mtoto."

Kwenye kiti kizuri cha saluni yake, kile chenye sponji, alikaa kila siku Mzee Hiza Mbelwa. Huyu ndiye aliyeigiza Radi. Sasa alikuwa mzee mwembamba mwenye magoti yaliyolia kama bawaba. Alinyolewa bure, akanywa chai bure, na filamu yenyewe alikuwa ameisahau karibu yote, kwa kuwa yeye aliicheza mara moja tu ilhali Fikirini aliitazama kila Ijumaa.

"Hivi yule jambazi mwenye jicho moja nilimfanyaje?" aliuliza.

"Ulimsamehe, Mzee."

"Nilimsamehe?" Mzee Hiza alishangaa. "Nilikuwa mjinga sana."

Fikirini alicheka, akamfunika mabega kwa taulo safi. Hakuwahi kumwita baba. Lakini taulo safi ilikuwa moja, na hakuna mteja mwingine aliyefunikwa nayo.

*

Basi Wizara ya Mashujaa na Burudani ikatangaza kwamba Radi atazaliwa upya. Filamu mpya, *Radi: Mwanzo wa Kweli*, ingeigizwa na mwana wa Mlezi Mkuu, ambaye wananchi walimwita Mheshimiwa Mtoto ingawa alikuwa na mvi na kitambi kilichotangulia kuingia popote. Kazi ilikuwa kubwa. Nchi ilikuwa na kivuko. Filamu ilipomalizika haikuwa na kivuko, ila ilikuwa na filamu.

Watu wote walikwenda kuitazama. Milango ya sinema ilifungwa kwa nje kwa ajili ya usalama wao.

Radi mpya alipaa. Alipaa akiwa amelala chali, kwa sababu kitambi hakikukubali mkao mwingine, na mawingu yakampisha. Hakuwa yatima, baba yake alitokea kila mara akiwa na tabasamu, na picha ilisimama ili watu wapige makofi. Adui wa filamu hakuwa jambazi tena. Walikuwa wanakijiji walioshika ndoo, wakidai maji. Radi aliwashukia kutoka angani akawachapa mmoja mmoja, na mwisho mvua ikanyesha, wakaomba radhi.

Kesho yake saluni ya Fikirini ilijaa hadi barazani, ambako Mwantumu fundi simu alikuwa na meza yake. Mwantumu na Fikirini walikuwa wamebishana tangu meza hiyo ilipowekwa. Yeye akisema jua, Fikirini alisema wingu.

"Mie nimeipenda," Mwantumu alisema bila kuinua macho kutoka kwenye simu aliyokuwa akiifungua. "Anapaa jamani! Huyo wenu alikuwa anadondoka tu. Filamu nzima mtu anadondoka. Hata embe linadondoka, tuliite shujaa?"

Watu wakacheka. Mzee Hiza alicheka kuliko wote.

"Kupaa si hoja," Fikirini alisema, mashine ikilia juu ya kisogo cha mteja. "Radi anakuja pale watu walipo. Huyu yuko juu, amelala kama mgonjwa."

"Unamwonea wivu tu. Na rangi je? Ya kwenu ilikuwa na ukungu mwanzo mwisho."

"Taarifa! Ukungu ulikuwa wa kweli. Walipiga picha asubuhi."

"Na lile pazia?"

"Joho!"

"Fikiri, mwenzangu, lilikuwa na vibanio."

Mzee Hiza akanyanyua kidole kwa adabu. "Lilikuwa pazia la mama mkwe wangu," alisema. "Alilidai mpaka kufa."

Yote hayo yangeishia hapo, kwenye nywele zilizofagiliwa. Lakini katika nchi ya Shwarini hakuna kicheko kinachoishia kinapoanzia. Mmoja wa wateja alikuwa na masikio ya kuajiriwa.

*

Waziri wa Mashujaa na Burudani aliitwa Profesa Kaswaga, na uso wake ulikuwa wa mwalimu wa nidhamu aliyesikia mtu akicheka bwenini. Waziri wa kawaida angepiga marufuku ubishi. Profesa Kaswaga alikuwa msomi, kwa hiyo aliutaifisha.

"Ndugu wananchi," alisema redioni, "imebainika kwamba mnabishana kiholela. Mnabishana bila mwenyekiti, bila kengele, bila upande uliopangiwa. Huu ni uchafu wa fikra. Serikali yenu sikivu imeamua kuwapa Mjadala wa Kitaifa kuhusu sifa na kasoro za filamu. Sifa mtazisema kwa uhuru. Kasoro pia mtaisema kwa uhuru."

Alisema "kasoro mtaisema" kwa sababu iliyoidhinishwa ilikuwa moja: kwamba filamu ni nzuri mno kwa urefu wake, ingefaa iwe ndefu zaidi.

Siku hiyohiyo bunge lilipitisha Sheria ya Shujaa Mmoja. Nchi yenye Mlezi mmoja, walisema wabunge, haiwezi kuwa na Radi wawili. Raia watachanganyikiwa wakati wa hatari na kumkimbilia asiyehusika. Mjadala ungeamua yupi ni Radi. Atakayeshindwa atakuwa amejifanya shujaa wa taifa kwa udanganyifu, na atashughulikiwa. Mbunge mmoja aliuliza maana ya kushughulikiwa. Wenzake walimtazama kwa huruma, na baada ya hapo nafasi yake ilijazwa.

Askari walimchukua Mzee Hiza kutoka kwenye kiti cha sponji, kidevu kikiwa na povu upande mmoja. Hawakumpiga. Walimkalisha Wizarani akiwa amevalishwa kofia ya saruji na soksi nyekundu, ili asije akajificha katika nguo za kawaida.

Fikirini akapangiwa upande wa Radi wa zamani, kuwa msemaji mkuu. Mwantumu akapangiwa upande wa Radi mpya. Usiku wa kuamkia mjadala wote wawili walikesha. Asubuhi Mwantumu alipitia saluni.

"Sikiliza, Fikiri. Leo si ya kutaniana," alisema. "Yule mzee wakimtangaza mwongo, hatumwoni tena."

"Najua."

"Basi ukiona njia imefunguka, pita. Usisimame mlangoni kusahihisha kizingiti."

"Mimi?" alisema Fikirini, akashangaa kwa dhati.

*

Mjadala ulifanyika katika ua wa Wizara, jengo refu lililopakwa rangi upande ule tu unaotazama barabara. Mheshimiwa Mtoto alikaa kivulini akila kuku. Mzee Hiza alisimamishwa juani karibu na bomba. Watu walijaa mpaka ukutani.

Fikirini alipanda jukwaani. "Mheshimiwa Mwenyekiti, majaji wasio na upendeleo, mtunza muda makini, na washindani wenzangu," alianza, na majaji walipigiwa makofi kwa kutajwa hivyo, kwa kuwa ilikuwa mara yao ya kwanza.

Kisha alisema. Hakutaja kasoro hata iliyoidhinishwa. Alisimulia tu filamu ya zamani, mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayesimulia njia ya kwenda nyumbani. Alisimulia watoto waliofungiwa ghalani, na moto, na mtu mwenye pazia juu ya paa, akiwa na hofu. "Maana Radi aliogopa," alisema Fikirini. "Mtazameni usoni kabla hajaruka. Anaogopa kila mara. Na kila mara anaruka, anatua kwa goti, anainua uso, anasema..."

"NIMEFIKA, MSIKIMBIE!" ua mzima ulinguruma.

Mheshimiwa Mtoto aliacha kuku. Askari walitazamana, kwa sababu nao midomo yao ilikuwa imetamka. Profesa Kaswaga alipiga hesabu. Akimpa ushindi Radi wa zamani, yeye ndiye atakayeshughulikiwa. Akimpa ushindi Radi mpya mbele ya umati ule, hana hakika ukuta utabaki wima. Alimtazama msemaji wa upande wa pili kama mtu anayezama anavyotazama gogo.

Mwantumu alipanda jukwaani akiwa ameshika kitambaa cha kufutia simu. Aliliona jicho la Waziri, akamwona mzee pale juani akikuna soksi, akaelewa kwamba njia imefunguka.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "mie nimepangiwa kumsifu Radi mpya, na namsifu. Anapaa vizuri sana, hasa mgongo wake. Lakini najiuliza, kwani tunagombania nini? Radi mpya ana baba. Tumemwona humo, anatabasamu. Baba huyo ni Mlezi Mkuu, Mlezi wetu sote. Lakini si kila mtoto ana mlezi, na ana mzazi pia? Basi Radi mpya amelelewa na Mlezi Mkuu, na mzazi wake ndiye huyu mzee hapa! Huyu ni baba yake Radi. Alizeeka, akamwachia mwanawe kazi. Hakuna mwongo hapa. Kuna mtu na baba yake."

Ulikuwa upuuzi mtupu, na ndiyo maana kila mtu aliuelewa mara moja. Umati ulishangilia. Majaji waliinuka wakakumbatiana. Profesa Kaswaga alipangusa uso, akasimama, na sauti yake ikawa ya asali.

"Wizara inaipokea hoja hii! Hakuna aliyeshindwa! Mzee huyu anatangazwa kuwa Baba Mzazi wa Radi. Atapewa kiti, atapewa kivuli, atapewa..." akatafuta, akaona meza ya Mheshimiwa Mtoto, "atapewa kuku!"

Mzee Hiza aliletewa kiti. Alikaa polepole, magoti yakilia, akashika paja la kuku kwa mikono miwili na kumtafuta Fikirini kwa macho ili amwonyeshe.

Mtunza muda alinyanyua kengele. Ilibaki igongwe tu, watu waende nyumbani.

Mwantumu alimwona Fikirini mapema kuliko wengine. Alimwona akimeza mate, akiuma mdomo wa chini, akishika ukingo wa meza kwa nguvu. "Kaa chini," alisema kwa sauti ya chini. "Fikiri. Kaa chini, mwanaume wewe. Nakuomba."

"Taarifa," alisema Fikirini.

Kengele ilibaki hewani.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, taarifa. Radi hana baba." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha na asiyeweza kunyamaza. "Ni yatima. Ndicho kiini chake. Akiwa na baba si Radi, ni mtu yeyote tu. Anasema mwenyewe, kwenye kituo, kabla ya ile sehemu ya nguo: 'Sina baba, ndiyo maana watu wote ni ndugu zangu.' Kwa hiyo huyu mzee hawezi kuwa baba yake. Ni yeye mwenyewe, au si yeye."

Mheshimiwa Mtoto, ambaye hakuwa amependa kugawana baba wala kuku, alimwita Waziri kwa kidole na kumnong'oneza. Waziri alirudi kwenye kipaza sauti akiwa na uso wake wa zamani.

"Taarifa hiyo ni ya kweli?" aliuliza.

Fikirini angeweza kusema nimekosea. Neno hilo lipo, lina herufi za kawaida, watoto hulitumia.

"Ni ya kweli kabisa," alisema.

"Basi wizara yangu," alisema Profesa Kaswaga kwa huzuni kubwa, "haiwezi kwenda kinyume na ukweli."

Wazee waliokuwapo wanasema hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

*

Ni yeye mwenyewe, au si yeye: Waziri alilipenda sana neno hilo, akaagiza lipimwe. Radi wa kweli, alieleza, anajulikana kwa kuruka. Mheshimiwa Mtoto alikuwa ameshapaa sinemani mbele ya taifa zima, kwa hiyo ushahidi wake ulikamilika. Ilibaki mzee. Kwa kuwa serikali haimwonei mtu, angepewa nafasi ya kujitetea kutoka juu ya jengo la Wizara. Na kwa kuwa serikali ni karimu, angepewa pazia.

Lilivuliwa dirishani kwa Katibu Mkuu. Lilikuwa na vibanio.

Walimpandisha kwa ngazi, maana lifti ilikuwa ya waheshimiwa. Alipotokea juu ya paa alionekana mdogo, soksi nyekundu zikiwa zimeteremka, kofia imepinda. Paja la kuku bado alikuwa nalo. Alilitazama, akaliweka kando juu ya ukingo, kwa uangalifu, kama mtu anayenuia kurudi kulimalizia.

Alitazama chini, na wote wakauona uso wake. Aliogopa. Ilikuwa sura ileile hasa ya kwenye filamu, na wapenzi kadhaa walisisimka, wakaguna kwa kuridhika.

"Fikirini!" aliita. Sauti ilishuka nyembamba. "Mwanangu! Lilikuwa goti lipi?"

Mwantumu alimshika Fikirini mkono, akazamisha kucha. Palikuwa na mengi ya kusema. Palikuwa na usiruke. Palikuwa na nisamehe, Mzee. Umati wote ulimgeukia kinyozi, na Fikirini, ambaye tangu utoto alikuwa ameliandaa jibu hilo bila kuulizwa na mwenye goti, alijisikia akisema kwa sauti safi:

"La kushoto, Mzee! Ni la kushoto siku zote!"

Mzee Hiza alitikisa kichwa kushukuru. Akakusanya pazia. Akaruka.

Hakuinua uso. Hakusema amefika.

Kisha mtu mmoja kule nyuma alisema, "Hapana, ametua kwa la kulia." Mwingine akasema, "Mwongo, la kushoto." Wa tatu alisema filamu ya kwanza alitua vizuri zaidi, ila lazima tukubali kwamba mruko huu ulikuwa na uhalisia. Wa nne akasema pazia lilichelewa kufunguka. Walibishana mpaka getini, na walipotoka barabarani walikuwa wamegawanyika pande mbili, kila upande na mwenyekiti wake. Profesa Kaswaga aliwatazama kwa fahari. Watu wake walikuwa wamejifunza kubishana kwa utaratibu.

Kipande cha kuruka kile kilirekodiwa, na kimetumika katika sehemu ya pili ya Radi mpya, pale adui anapotaka kutoroka. Wengi wanakisifu kuwa ndicho kipande bora.

*

Saluni ya Fikirini ingali wazi. Kiti cha sponji hakikaliwi. Taulo safi imekunjwa juu yake, na wateja hukaa kwenye ubao. Mwantumu yuko barazani. Tangu siku ile hajabishana naye. Fikirini akisema jua, ni jua.

Juzi aliingia mteja mnene, mchangamfu, aliyetazama mambo yote ya ua wa Wizara akiwa juu ya ukuta. Alikaa, akafungwa shuka, akaanza kusimulia kama watu wanavyosimulia, mashine ikimpita sikioni.

"Lakini yule mzee alikuwa mwenyewe bwana, wamemwonea," alisema. "Mimi nilimwona kwa macho yangu. Alitua kwa goti la kushoto, kama zamani."

Nje, Mwantumu aliacha bisibisi. Waliokuwa kwenye ubao waliinua vichwa. Fikirini alikuwa amesimama karibu kuliko wote siku ile. Alijua lilikuwa goti lipi, na kila mtu pale alijua kwamba anajua. Walisubiri mashine izimwe.

Mashine iliendelea kulia. Ilipita kisogoni, ikageuka sikio la pili, ikashuka polepole shingoni.

Mteja huyo alitoka amenyolewa pande zote mbili.